Pumu ya ngozi na dawa za mitishamba za Korea (hanyak): kuna aliyetumia akaona matokeo?

Nuru_Daejeon

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo yenu hasa mlioko huku Korea muda mrefu. Nina pumu ya ngozi tangu mdogo, ile ya kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, na kabla sijaja kusoma huku ilikuwa inakuja inaondoka, tulishazoeana. Ila tangu baridi ya huku ianze imekuwa habari nyingine kabisa. Nje hewa kavu, ndani sakafu inapashwa moto usiku kucha (hii ondol yao), naamka asubuhi ngozi imekaza, shingo imechubuka na shuka lina vidoa vya damu kwa sababu ya kujikuna usingizini bila kujua.

Nimeenda pibugwa, yaani kwa daktari wa ngozi, dakika chache tu nikawa nimeshatoka na krimu ya steroidi na vidonge vya mzio. Krimu inafanya kazi sikatai, lakini nikiiacha baada ya muda mabaka yanarudi palepale, naanza upya. Wenzangu wa maabara ambao ni Wakorea wakaniambia atopi (ndivyo wanavyoiita hapa) usiishie kwa krimu, nenda hanuiwon, kliniki ya tiba yao ya jadi. Basi nikaenda. Daktari akanishika mapigo ya mikono yote miwili, akaangalia ulimi, akauliza nalalaje, choo napata vipi, miguu huwa ya baridi au ya moto, nikila pilipili najisikiaje, hedhi ikoje, yaani maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu ngozi. Kwakweli nilijisikia nimesikilizwa. Akasema mwili wangu una joto na unyevu uliozidi, akapendekeza nichomwe zile sindano nyembamba (chim) kila wiki, pia ninywe hanyak, dawa ya mizizi na magome iliyochemshwa ikafungwa kwenye vipakiti, asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Hanyak ni won 400,000 kwa mwezi na bima haiilipii. Naishi kwa skolashipu kwahiyo hiyo hela sio ya kujaribia tu.

Maswali yangu ni je, kuna aliyetumia akaona faida ya kweli? Ninaweza kunywa hanyak huku naendelea na krimu ya hospitali au inabidi nichague moja? Na nyie wenye ngozi kama hii mnaishije na baridi ya huku siku kwa siku, maana naona kama kuna kitu nakikosa. Asanteni sana kwa atakayejibu.

Kaka_wa_Ansan

Pole sana dada. Mimi nipo Ansan, kazi ya kiwandani, tatizo langu lilikuwa zaidi mikononi na kwenye vifundo vya miguu, glavu za mpira na jasho halafu sabuni kali ya kuoshea mafuta ya mashine, unaweza kuwaza mwenyewe. Hanyak nimekunywa msimu mzima wa baridi nakwambia nilichokiona bila kuongeza chumvi.

Kwanza tumbo lilitulia. Nilikuwa na gesi na kujaa muda wote, ikapungua. Pili usingizi ukawa mzito zaidi, na kwa ugonjwa huu usingizi ni nusu ya dawa, maana ukilala vizuri hujikuni na usipojikuna ngozi inapata nafasi ya kufunga. Kuwashwa kulipungua baada ya wiki kadhaa, sio mara moja. Lakini sikuwahi kuacha krimu ya hospitali wala mafuta, na daktari wangu wa hanuiwon mwenyewe alisema usiache, tutapunguza kidogo kidogo kadiri hali inavyokwenda. Kwahiyo siwezi kukuapia kwamba ni hanyak peke yake iliyonisaidia, ila najua kipindi kile niliishi vizuri kuliko baridi iliyotangulia.

Kuhusu hela kuna kitu watu wengi hawaambiwi. Bima ya taifa, hii ambayo na sisi wageni tunakatwa, inalipia chim, kuumikwa kwa vikombe (buhang) na ile ya kuchoma majani (tteum). Ukienda hanuiwon kwa chim tu unalipa sehemu yako ndogo, mara nyingi elfu kadhaa mpaka elfu kumi na kitu za won. Pia kuna dawa za unga za mitishamba za fomula 56 ambazo zimo kwenye bima tangu 1987, ni bei ndogo sana ukilinganisha na ile ya vipakiti. Sio lazima zikufae ila muulize daktari wako kama kuna mojawapo inayoendana na hali yako kabla hujatoa hiyo laki nne. Ile ya kuchemsha serikali ilianza kuilipia kwa majaribio mwishoni mwa 2020 kwa magonjwa machache tu, atopi haimo.

Kitu kingine muulize kuhusu jaungo. Ni mafuta mazito ya rangi ya zambarau, yametengenezwa kwa mizizi ya jacho na danggwi, mafuta ya ufuta na nta ya nyuki. Mimi napaka kwenye mipasuko ya vidole usiku halafu navaa soksi za pamba mikononi, asubuhi ile mipasuko imelainika. Yanatia doa baya kwenye shuka, rangi haitoki, tafuta shuka la zamani. Kama una mzio wa ufuta usiguse kabisa.

Asili_Tupu

Dada achana na steroidi hizo ndizo zinazokurudisha nyuma, ngozi inakuwa teja. Tupa krimu yote, kunywa hanyak, vumilia hata kama mwili utafumuka mwanzoni ndio sumu inatoka hiyo. Wakorea wenyewe wanaita myeonghyeon. Baada ya hapo unakuwa mpya.

Muuguzi_Tabu

Nuru pole mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, nipo Seoul nasoma uzamili, na kabla ya hapo nimehudumia wagonjwa wa ngozi miaka mingi, kwahiyo nitaandika kirefu kidogo unisamehe.

Nianze na hili la Asili_Tupu maana linaweza kumuumiza mtu. Steroidi za kupaka zikitumiwa vibaya, zile kali, usoni, miezi na miezi bila usimamizi, zinaleta madhara kweli, ngozi inakonda, na wapo wanaopata mlipuko mkali wakiziacha. Sibishi hilo. Ndio sababu unapunguza taratibu ukiwa na daktari, sio kutupa kila kitu siku moja katikati ya Januari. Na hii hoja kwamba upele ukizidi ndio sumu inatoka, naomba sana mtu asiitumie kama ruhusa ya kusubiri. Ngozi iliyochubuka inakaribisha bakteria, yule staphylococcus aureus anapenda sana ngozi za watu wenye pumu ya ngozi, na virusi vya malengelenge ya mdomoni vikiingia kwenye ngozi ya namna hii vinaweza kusambaa mwili kwa haraka. Ukiona vidonda vidogo vidogo vya duara vinafanana, vimekaa kwa makundi, vinauma kuliko kuwasha, na homa juu yake, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, ikiwa karibu na jicho ndio usingoje hata asubuhi. Ukiona utandu wa njano unaonata au usaha, nenda pia. Kuna dada mmoja namfahamu aliambiwa na kliniki moja avumilie, akavumilia mpaka akalazwa.

Sasa kuhusu tiba yenyewe. Madaktari wa tiba ya jadi Korea (hanuisa) sio waganga wa kubahatisha, wanasoma chuo kikuu miaka sita, wanafanya mtihani wa taifa, wana leseni, na wengine wanabobea zaidi, upo ubobezi unaohusu macho, masikio, pua, koo na ngozi kwa pamoja. Ukiamua kwenda, tafuta mwenye ubobezi huo, hospitali za vyuo kama ile ya tiba ya Kikorea ya Kyung Hee hapa Seoul wanao. Jambo la kujua ni kwamba hanuisa haruhusiwi kukuandikia steroidi wala dawa za kisasa, na daktari wa pibugwa naye haandiki hanyak. Ni mifumo miwili inayokaa jirani bila kuzungumza sana, kwahiyo anayebeba taarifa kutoka mlango huu kwenda ule ni wewe mgonjwa.

Ushahidi je? Mwaka 2013 yalichapishwa mapitio makubwa ya Cochrane kuhusu mitishamba ya Kichina kwa pumu ya ngozi, ambayo mimea yake mingi ni hiihii inayotumika Korea, tafiti 28 zenye washiriki 2,306. Waliona baadhi ya tafiti zinaonyesha nafuu, ila ubora wa tafiti ulikuwa dhaifu kiasi kwamba hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba inafanya kazi. Chim ina majaribio madogo yanayoonyesha kuwashwa kunapungua, nayo ni ya kutia moyo, sio ya kufunga mjadala. Kwahiyo atakayekwambia hanyak ni uongo mtupu amezidisha, na atakayekwambia inaponya kabisa amezidisha zaidi.

Usalama ndio unanihangaisha kuliko ufanisi. Ndani ya hanyak za kupoza joto mara nyingi kuna hwanggeum, mzizi wa njano, na kumekuwa na taarifa za watu kuumia ini kutokana nao, wachache lakini wapo. Gamcho, ule mzizi mtamu unaowekwa karibu kila fomula, ukizidi unapandisha presha na kushusha potasiamu. Kwahiyo omba uandikiwe majina ya mimea yote iliyomo kwenye pakiti zako, usione aibu, mwambie unataka kumwonyesha daktari mwingine. Pima ini kabla hujaanza na urudie baada ya wiki chache, kipimo hiki unafanyiwa kwenye kliniki yoyote ya naegwa, yaani ya magonjwa ya ndani. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai, macho yana unjano, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, acha kunywa na uende. Kama una mimba au unapanga kubeba, au unakunywa dawa ya kushusha kinga kama cyclosporine, usianze kabisa mpaka madaktari wote wawili wajue. Halafu krimu za "asili" za mtandaoni zisizo na lebo kaa nazo mbali. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba walizokuwa nazo wagonjwa wao, wakakuta 8 zina dexamethasone ndani, steroidi kali, wengine walikuwa wanawapaka watoto usoni.

Na krimu yako ya hospitali nahisi shida ni namna unavyoitumia. Watu wengi wanapaka kidogo sana na wanaacha mapema, kuwashwa kukikata tu wanafunga tyubu. Minya krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye kiungo cha kwanza, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Endelea mpaka ukipitisha mkono ngozi iwe laini, isiwe na ugumu wala vipele chini yake, sio mpaka kuwashwa kukate. Halafu muulize daktari kuhusu kupaka mara mbili kwa wiki kwenye yale maeneo yako sugu hata kama yametulia, hii inazuia mabaka kurudi, na inawezekana ndio jibu la hilo la "nikiacha inarudi". Shingoni na usoni muulize kuhusu tacrolimus, sio steroidi na haikondeshi ngozi, inaunguza kidogo siku za mwanzo kisha inazoeleka.

Nuru_Daejeon

Dada Tabu Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Kaka wa Ansan asante pia, hilo la dawa za unga za bima sikulijua kabisa.

Niongeze mawili. Moja, pale pibugwa daktari aliangalia shingo yangu akasema ni kidogo tu, wakati mimi silali. Nimebaki najiuliza kama anaona ninachokiona mimi. Na yale mabaka meusi yanayobaki baada ya kupona ndio yananiumiza roho kuliko hata kuwashwa, je yanatokana na krimu? La pili ni kuoga. Wenzangu wanaenda jjimjilbang (sauna za huku) kila wikiendi wanasema jasho linatoa uchafu na ngozi inapona. Mimi nikioga maji ya moto nasikia raha sana wakati huo huo, ila nikitoka tu ni moto juu ya moto.

Muuguzi_Tabu

Umeuliza swali ambalo wengi wetu tunalinyamazia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kama kwenye picha za vitabu, eneo lenye uvimbe linaonekana la kijivu, la zambarau au jeusi zaidi, na mara nyingi linakuja kama vipele vidogo kwenye kila kinyweleo. Daktari aliyezoea kutafuta wekundu anaweza kuona ni kidogo wakati ni kikubwa. Mwambie aguse. Mwambie idadi ya usiku unaoamka kwa wiki, mwonyeshe picha ulizopiga kwenye siku mbaya, hayo yanahesabika kwenye kupima ukali wa ugonjwa. Na hakikisha upo kwa daktari bingwa wa ngozi, maana kliniki nyingi za mjini zinajishughulisha zaidi na urembo. Hapa Korea kliniki inayoitwa pibugwa kwenye jina lake lenyewe lazima iwe ya bingwa, ile ambayo neno pibugwa limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo kama huduma inayotolewa inaweza kuwa ya daktari wa kawaida.

Mabaka meusi yanatokana na uvimbe wenyewe, sio krimu. Yanafifia ila ni miezi, na kila ukijikuna upya unaongeza mengine. Krimu ikitumika vizuri inayapunguza kwa sababu inazima moto mapema. Steroidi kali inaweza kuacha eneo jeupe kidogo, mara nyingi rangi inarudi.

Jjimjilbang sahau kwa sasa. Joto kali na jasho ni kati ya vichochezi vikubwa vya kuwashwa, na ile raha ya maji ya moto inalipiwa saa moja baadaye.

MamaImran_Busan

Nimesoma nikaona lazima niandike, mimi ni mama wa mtoto mwenye atopi tangu akiwa mchanga, mume wangu ni Mkorea na tunaishi na mama mkwe. Wewe Nuru nakuambia ya nyumbani maana hospitali wanakupa dawa, ila saa ishirini na nne zilizobaki ni zako.

Mama mkwe wangu ni mtu wa upendo sana na ana imani na mambo yao. Mtoto alipopata upele wa kwanza mashavuni alisema ni taeyeol, joto alilotoka nalo tumboni, akachemsha ssuk (ule mmea mchungu wenye majani ya kijivu kwa chini) amwogeshe. Sikumkatalia kwa ukali, nilimwomba tujaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha mguu, na kweli pakawasha, basi akaacha mwenyewe. Kitu cha mmea kinaweza kumtuliza huyu kikamchoma yule. Ambacho nilisimama imara ni lile taulo la kijani la kusugulia taka mwilini, hilo halimgusi mtoto mwenye atopi, wala wewe usiliguse hata kama rafiki zako wote wanasuguana.

Kuoga kwetu ni kila jioni, maji ya uvuguvugu, dakika kama tano mpaka kumi, sabuni ya maji isiyo na harufu na tena sehemu zenye kuhitaji tu, kwapa, miguu, makalio, kwingine maji yanatosha. Nikimtoa simfuti, nambonyezabonyeza na taulo laini, ngozi ikiwa bado na unyevu, hapohapo bafuni kabla hata hatujafungua mlango, nampaka dawa kwenye mabaka halafu mafuta mazito mwili mzima. Naona watu wanatoka bafuni wanavaa wanakunywa chai ndio wanakumbuka losheni, hapo maji yameshakauka yameondoka na unyevu wa ngozi. Na mafuta usiyaonee huruma, mtu mzima mwenye ngozi kavu mwili mzima anaweza kumaliza robo kilo kwa wiki. Kwahiyo usinunue kichupa kidogo kizuri cha bei, nunua kopo kubwa la kawaida lisilo na manukato, ile hela ya laki nne inakununulia mafuta ya muda mrefu sana. Baridi ikiwa kali tumia ya mgando, losheni nyepesi ya pampu haitoshi huku, labda kiangazi wakati wa mvua za jangma hewa ina unyevu wa kutosha.

Ondol ipunguze. Wakorea wazee wanapenda sakafu iunguze mgongo, sisi chumba cha mtoto tunakiacha kwenye nyuzi 20 hivi, analala kwenye godoro lililoinuka kidogo sio kulala moja kwa moja sakafuni. Tunatumia mashine ya kuongeza unyevu, tunalenga kati ya 40 na 60 kwa mia, kuna vipimo vidogo vinauzwa rahisi unaweka mezani. Mashine hiyo safisha kila siku kwa maji na brashi, kausha, na usitie dawa yoyote ndani ya maji, nchi hii ilipata msiba mkubwa, mwaka 2011 iligundulika zile dawa za kuua vijidudu ambazo watu walikuwa wanatia kwenye maji ya mashine ziliharibu mapafu, watu wengi walikufa wakiwemo watoto wadogo. Kama huna mashine anika nguo mbichi chumbani usiku, inatosha.

Usiku ndio vita yenyewe. Mtoto anaanza kujikuna akiwa hajaamka, mkono unakwenda wenyewe nyuma ya goti, kisha unasikia ile sauti ya kucha. Kucha zake nazikata kila baada ya siku chache na kuzisugua makali yake. Nina kitambaa kwenye friji, nakilowesha na maji ya baridi nakiweka pale panapowasha mpaka patulie, napaka mafuta tena juu yake. Siku mbaya kabisa baada ya dawa na mafuta namvalisha nguo ya pamba yenye unyevunyevu halafu kavu juu yake, daktari wetu alituonyesha namna yake, usijifanyie bila kuonyeshwa hasa kama kuna kidonda chenye usaha. Nguo za sufu zisiguse ngozi, weka pamba chini. Sabuni ya kufulia suuza mara mbili.

Kwenye chakula hanuisa wengi watakwambia uache pombe, pilipili, vya kukaanga na vya ngano. Pombe na pilipili nakubali kwa sababu vinapandisha joto mwilini na kuwasha kunaongezeka, wewe mwenyewe utaona. Ila usijikatie vyakula kumi kwa mpigo bila kupima mzio, mtoto wangu aliwahi kuandikiwa orodha ndefu na tukaona anapungua uzito, daktari wa watoto akapima akakuta ni yai tu. Hanyak mtoto wangu sijampa, huo ni uamuzi wangu mimi na mume wangu. Kwa mtu mzima anayeelewa mwili wake sina neno.

Kaka_wa_Ansan

Mama Imran umenena. Niongeze kwa wenzangu wa viwandani, glavu za mpira vaa za pamba ndani yake, badilisha za pamba zikilowa jasho. Na vikombe vya buhang usikubali viwekwe juu ya ngozi iliyochubuka, mimi niliwekewa mgongoni pasipo na mabaka tu.

Dada Nuru ukienda hanuiwon watakuuliza labda na aina yako ya mwili, wanagawa watu makundi manne, mfumo wa Yi Je-ma wa mwisho wa karne ya 19. Jibu kwa utulivu usijibu anachotaka kusikia. Wenzako wakishajua wewe ni kundi fulani watakupangia hadi matunda ya kula.

Nuru_Daejeon

Nimewaelewa wote. Nimeamua krimu siachi, narudi pibugwa kwa bingwa na picha zangu na swali la mara mbili kwa wiki. Hanuiwon nitaendelea na chim kwa bima, na nitauliza za unga kwanza. Ile ya laki nne naiweka pembeni mpaka nione baridi hii inaishaje kwa mafuta na usingizi. Ondol nimeshaishusha jana, mwenzangu wa chumbani amelalamika kidogo ila tumeelewana kavaa soksi.

Swali la mwisho dada Tabu, hivi kama yote haya yakishindikana kuna nini tena mbele? Maana kuna Mkorea mmoja darasani anachoma sindano kila baada ya wiki mbili ngozi yake imetulia kabisa.

Muuguzi_Tabu

Hiyo huenda ni dupilumab, ilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2017 na Korea ikafuata. Inazuia ishara fulani za kinga zinazowasha ule uvimbe kutokea ndani. Kuna na vidonge vya kundi jingine, hivyo vinahitaji vipimo vya damu mara kwa mara. Bila bima bei yake ni ya kutisha, ila kwa wenye atopi kali bima inalipia, na tangu 2021 atopi kali imeingizwa kwenye mpango maalum ambao mgonjwa anachangia asilimia 10 tu ya gharama.

Sasa sikiliza hapa ndio maana nilisisitiza usikate mguu pibugwa. Ili uingie kwenye mpango huo wanataka rekodi, kwamba ulipewa dawa za kupaka, ukapewa na za kumeza za kushusha kinga, kwa muda unaotakiwa, na bado ukali wako ulipopimwa ulibaki juu. Mtu aliyekaa mwaka mzima anakunywa hanyak peke yake, hata kama ameteseka kweli, kwenye karatasi anaonekana hajatibiwa, inabidi aanze kuhesabu upya. Kwahiyo kila ukienda hakikisha alama ya ukali imepimwa na kuandikwa, risiti na cheobangjeon (karatasi za dawa ulizoandikiwa) zako tunza kwenye bahasha moja, na ukihamia hospitali kubwa omba barua ya rufaa kutoka kliniki yako, bila hiyo barua bima haitalipia sehemu yake kule. Ukipata miadi kwa bingwa niandikie inboksi nikusaidie kupanga maelezo yako kwa Kikorea kabla hujaingia.